Moyo unasukuma vizuri, lakini mgonjwa anakosa pumzi

Karibu nusu ya watu wenye moyo ulioshindwa kazi wako hivi: wanahema, miguu inavimba, lakini ekografi inaonyesha moyo unasukuma damu kama kawaida.

Utafiti wa mwaka 2018 ulipima wagonjwa 202 wa namna hiyo katika Marekani, Sweden, Finland na Singapore. Kwa 75% kati yao, mishipa midogo sana inayolisha moyo, ile ambayo picha ya kawaida haiioneshi, haikupanuka vya kutosha. Je, mishipa ndiyo iliharibu moyo, ao moyo ndio uliharibu mishipa? Hapo utafiti haukukata neno.

Afrika haikuwamo. Lakini uchunguzi wa 2012 katika inchi 9, Uganda na Kenya zikiwemo, Kongo hapana, ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 1006 tansio ndiyo sababu ya kwanza. Mishipa mikubwa kuziba ilikuwa chini ya 10%. Wastani wa umri: miaka 52 tu. Na tansio isiyotunzwa huharibu hiyo mishipa midogo pia.

Empagliflozin, dawa ya kisukari, ilionyesha mwaka 2021 kwamba inapunguza kulazwa hospitalini. Vifo, si wazi. Inamezwa kila siku, na huku kwetu familia ndiyo inalipa.