Wali wa Ugenini

Ndugu msomaji, aliyekaa ugenini anajua kwamba njaa ni za namna mbili. Iko ile inayotulizwa na mkate, na iko ile ambayo mkate hauiwezi. Ni hii ya pili iliyonisukuma, jioni moja ya baridi kali, katika mkahawa mdogo wa Kiindonesia mjini The Hague, Uholanzi, nilikopelekwa na ofisi kwa mafunzo ya wiki sita. Mkahawa wenyewe ulikuwa na meza saba tu. Kilichonivuta ni harufu ya tui la nazi, mchaichai na pilipili. Nilisimama mlangoni nikajiona niko uani kwa mama.

Huenda ukajiuliza chakula cha visiwa vya Asia kilifikaje huko. Waholanzi waliitawala Indonesia kwa muda mrefu. Wazalendo walitangaza uhuru tarehe 17 Agosti, 1945, lakini Waholanzi hawakuukubali mpaka Desemba, 1949, baada ya damu kumwagika. Watawala waliporudi kwao, walirudi na uchu wa vyakula vya koloni. Hata karamu mashuhuri iitwayo "rijsttafel", yaani meza ya wali, yenye vitoweo vingi katika visahani vidogo, ilikuzwa na walowezi kuonyesha utajiri wao. Mkulima wa Java hakuwa na meza kama hiyo.

Binti aliyenihudumia aliniuliza natoka wapi. Nilipojibu Tanzania, bibi kizee aliyekuwa akimenya vitunguu saumu karibu na mlango wa jiko aliinua uso. Wote walimwita Oma, neno la Kiholanzi lenye maana ya bibi. "Zanzibar?" akauliza. "Kwenye karafuu?" Nikaitikia. Akacheka, akaniashiria niketi karibu naye, na yule binti, mjukuu wake, akawa mkalimani.

Asili ya Oma ni visiwa vya Maluku, na huko ndiko mkarafuu ulikoanzia. Katika karne ya 17 kampuni ya biashara ya Waholanzi iling'oa mikarafuu ya visiwa vingi, ili iuze karafuu peke yake. Mwaka 1770 Wafaransa walifaulu kupeleka miche Mauritius, na mapema katika karne ya 19 mikarafuu ikaota Unguja. Kwa hiyo, msomaji, karafuu za kwetu na za kwao ni ndugu wa damu.

Oma alifika Uholanzi mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka sita. Baba yake alikuwa askari katika jeshi la kikoloni. Askari wa Maluku na jamaa zao, watu wapatao 12,500, waliletwa kwa meli wakiamini kuwa watakaa muda mfupi tu. Walipofika, askari waliachishwa kazi, na familia zikapangwa makambini. Moja ya kambi hizo ndiyo ile ambayo Wajerumani waliwafungia Wayahudi wakati wa vita. Miaka ya mwanzo chakula kilipikwa katika jiko la pamoja, nacho kilikuwa zaidi viazi.

"Mama yangu hakuwa na jiko," Oma alisema. "Basi usiku, tukiwa tumelala, alitupikia kwa mdomo. Alitaja kinachotangulia chunguni na kinachofuata, nasi tukarudia. Tulipopata jiko letu, mikono yangu ilikuwa inajua tayari."

Kisha aliagiza niletewe kitu kisichokuwamo katika orodha: papeda, uji mzito wa kunata, uliosongwa kwa wanga wa msago, mti wa jamii ya mnazi. Aliuzungusha kwa vijiti viwili, akaushusha katika mchuzi wa samaki wenye rangi ya manjano. Nilikula nikanyamaza. Ile njaa ya pili ilikuwa imetulia, lakini mahali pake paliingia aibu.

Usiku huo nilimpigia mama simu. "Shikamoo mama. Samaki wa kupaka, unaanza na nini?"

Alikaa kimya kidogo. "Marahaba. Baba, miaka thelathini na minne unakula kwangu, leo ndiyo unauliza?" Kisha sauti ikashuka. "Mikono yangu siku hizi haiwezi mbuzi. Ukirudi, utakuna wewe, mimi nitakuelekeza."

Sikuwa na habari. Kila Jumapili nilikaa sebuleni nikingoja sahani, wala sikujua kwamba nazi alikuwa akikuniwa na jirani.

Jumapili ya kwanza baada ya kurejea nilikwenda na wanangu wawili. Nilikaa juu ya mbuzi, nikakuna, nikachuja, na tui langu likakatika. Mama alicheka mpaka akafuta machozi, akaniambia nianze upya na nisiache kukoroga. Mwanangu mkubwa, ambaye hutaka chipsi kila siku, alikariri kila hatua kama sala.

Ndugu msomaji, leo ni Jumapili. Ikiwa bado una mzee anayeinama jikoni kwa ajili yako, usingoje kuitwa mezani. Ingia, keti karibu naye, umwulize kinachotangulia chunguni.