Mwenye Baiskeli na Mwenye Ndoo



Juma hili tuseme juu ya baiskeli katika njia zetu za miguu. Baiskeli ni msaada mkubwa: humfikisha mgonjwa zahanati, na gunia la mahindi sokoni. Lakini njia hizi nyembamba zilifanywa na miguu ya watu. Sisi wenye baiskeli tumekaribishwa tu.

Asubuhi moja nilikuwa nateremka kilima mbio. Mbele yangu alikuwako mama, ndoo ya maji kichwani, mtoto mgongoni. Nilipiga kengele nikiwa nimekwisha mfikia. Alishtuka, akarukia kando, akaanguka mferejini. Namshukuru Mungu, mtoto hakuumia, ila maji yote yalimwagika. Nilirudi kisimani kuyachota mwenyewe. Ndipo nilipojua ya kuwa mwenye ndoo kichwani hawezi kugeuka upesi, wala kutazama miguu yake.

Basi, tushike mambo matatu.

Kwanza, kengele si amri ya kumfukuza mtu njiani. Ipige ungali mbali, punguza mwendo, kisha useme, “Mama, naomba njia.” Pakiwa pembamba, shuka wewe. Ukikutana na watu waendao kuzika, shuka, vua kofia, ngoja wapite.

Pili, usikate njia mpya katika shamba la mwenzio. Leo umepita peke yako, kesho watakufuata kumi. Tena wakati wa mvua gurudumu huchimba mfuo, maji huufuata, na baada ya masika kadhaa pale pamekuwa korongo. Amri ya saba yakataza pia kuharibu mali ya mtu, hata kama hukutia kitu mfukoni.

Tatu, jaribu breki kabla ya kutoka nyumbani. Rimu zikilowa, breki hukawia kushika, na mzigo mzito huisukuma baiskeli mteremkoni. Mahali pa namna hiyo shuka, uikokote. Usiku usiende bila taa.

Jumapili njia ya kanisani hujaa watoto na wazee. Ukiwa umechelewa Misa, kosa ni lako, si lao. Usiwatie hofu kwa sababu ya usingizi wako. Ondoka mapema, wasalimu njiani, mfike pamoja kwa amani.