Taarifa nazo zinahitaji stakabadhi ya ghala

Mkulima wa korosho hukubali kuacha mzigo wake ghalani kwa sababu mkononi ameshika stakabadhi inayoonyesha mali ni ya nani. Je, anapotoa taarifa anashika nini?

Kwenye kompyuta yangu nina programu ndogo isiyo na picha wala vitufe. Unaiandikia amri ya mstari mmoja, nayo inauliza ghala la taarifa kwenye intaneti na kukuletea jibu: wimbo huu ni wa nani, umo katika albamu gani, ilitoka mwaka gani. Ni msaidizi mzuri, lakini yeye ni tarishi tu. Mwenye nguvu ni mwenye ghala.

Historia ya maghala hayo ina somo kwetu. Katika miaka ya 1990 huko Marekani, Ti Kan na Steve Scherf walianzisha ghala lililoitwa CDDB, lililotambua CD kwa urefu wa nyimbo zake. Majina ya nyimbo yalijazwa na wapenzi wa muziki wenyewe, bila malipo, wakiamini ghala ni la wote. Mwaka 1998 likauzwa kwa kampuni ya Escient, kisha likaitwa Gracenote. Mwaka 2001 programu zisizo na leseni zikafungiwa mlango. Mwaka 2008 Sony ikainunua Gracenote kwa takriban dola milioni 260. Waliojaza ghala hawakuwa na stakabadhi ya kudai mgawo.

Wengine walijifunza. Ghala la MusicBrainz, lililoanzishwa na Robert Kaye, liliwekwa mwaka 2004 chini ya taasisi isiyotafuta faida. Taarifa zake za msingi ni mali ya umma, na yeyote anaweza kuzinakili zote. Makampuni yanayozifanyia biashara huombwa kuchangia gharama. Hata mlango ukifungwa kesho, nakala zimo mikononi mwa watu.

Turudi shambani. Leo mkulima anaulizwa kwa simu ukubwa wa shamba, mbegu aliyopanda na magunia aliyovuna. Mchuuzi naye anaulizwa bei ya sokoni. Taarifa ya mtu mmoja ni punje, lakini zikikusanywa ni shehena. Mnunuzi mkubwa akiwa nayo na wewe huna, anakuja kupatana bei akijua mengi kuliko wewe.

Sisemi tukatae huduma hizi, kwani mkulima asiyejua bei hupunjwa. Ninachoshauri ni kwamba vyama vya ushirika na vikundi vya wafanyabiashara viulize maswali matatu kabla ya kutoa taarifa. Mwenyewe ni nani? Tutapata nakala yetu bila malipo? Huduma ikiuzwa, taarifa zetu zitakwenda wapi? Majibu yaandikwe kwenye mkataba, yasiishie mdomoni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe limekuwa mali.