Bei Haioteshi Nywele

Hapa Gisenyi, ukiongea na watu juu ya nywele, utakuta pande mbili. Upande wa kwanza ni vijana wenzangu wanaosema mafuta ya bei kubwa ndiyo mafuta, mengine ni kujipaka taka. Upande wa pili ni wazee wetu kadhaa pamoja na baadhi ya wafanyakazi wa mashirika, wanaosema mkimbizi hana haja ya mafuta ya nywele, anunue unga. Kazi yangu ni na vijana, kwa hiyo pande zote mbili nazisikia kila wiki. Nasema wazi: zote mbili zinakosea, na kosa lao linakula pesa ya watu ambao pesa hawana.

Nianze na wa bei kubwa. Dada yangu, kaka yangu, geuza kopo usome nyuma. Kwa kawaida viungo vinaandikwa kwa kufuata wingi, kile kilicho kingi kinatangulia. Chukua shampuu ya bei kubwa: neno la kwanza ni Aqua, yaani maji. Chukua ya bei ndogo: Aqua tena. Baada ya maji inakuja sabuni inayotoa povu, na mara nyingi ni sabuni ya aina moja kwenye chupa zote mbili. Sasa tafuta yale mafuta ya argani au ya nazi yaliyochorwa kwa mbele na majani yake mazuri. Mara nyingi utayakuta mwisho kabisa, jirani na harufu na rangi. Umelipia picha.

Tena angalia wenye mali ni nani. L'Oréal ya Ufaransa inauza Kérastase kwa matajiri wa saluni kubwa. Kampuni hiyo hiyo, mwaka 2013, ilinunua biashara ya vipodozi ya Interconsumer Products ya Kenya, wale waliotengeneza Nice & Lovely ambayo mama zetu wanaijua vizuri. Sisemi kilicho ndani ya makopo ni kitu kimoja. Nasema mwenye duka ni mmoja, na amepanga bei kulingana na mfuko wa kila mtu. Yeye hacheki mnunuzi wa kopo dogo. Ni sisi kwa sisi tunaochekana kwenye foleni ya maji.

Lakini bei ndogo nayo si utakatifu. Mafuta yanayopimwa kwenye mfuko wa plastiki, bila jina, bila tarehe, bila orodha ya viungo, mimi siyatetei. Rwanda ilikataza vipodozi vyenye hidrokwinoni, na tangu mwisho wa 2018 wakaguzi na polisi wamekuwa wakivikamata madukani. Vile vinachubua ngozi, si vya nywele, ila somo ni lile lile: usipojua kilicho ndani, hujanunua rahisi, umenunua giza. Kopo la bei ndogo lenye maandishi kamili nalipendelea kuliko la bei kubwa lililofutika maandishi.

Sasa tuseme ukweli ambao hakuna tangazo litakuambia. Nywele za wadada wetu wengi haziharibiwi na mafuta rahisi. Zinaharibiwa na mambo mawili: kukazwa na kuchomwa.

Kukazwa ni hivi. Unasuka rasta na meshi nzito, umevutwa mpaka nyusi zinapanda, usiku hulali. Wanasema eti ndiyo itakaa muda mrefu. Mvuto ule ukirudiwa miezi na miaka unaua mizizi, na nywele za pembeni mwa paji la uso zinakimbia. Kama mizizi imeshakufa, hakuna kopo la kuirudisha, liwe la Paris au la butiki ya jirani. Kinga yake haina bei. Mwambie msusi alegeze, na ukitoa rasta pumzisha kichwa kabla ya kusuka tena.

Kuchomwa ni dawa ya kulainisha nywele. Wamama waliofundishwa kutengeneza sabuni kambini wanaijua soda kali, ile inayotaka glavu na kukaa mbali na watoto. Dawa nyingi za kulainisha zinafanya kazi kwa soda hiyo hiyo. Zile zinazoandikwa kwamba hazina soda zinatumia chokaa iliyochanganywa na kiungo kingine, nazo zinakausha nywele na kuunguza ngozi ya kichwa ukizidisha dakika. Mwaka 2022 Marekani ilitoka tafiti iliyofuata wanawake zaidi ya 33,000. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana kupata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya mara mbili kuliko wasiozitumia. Tafiti moja haimalizi neno. Lakini inatosha kukufanya uulize kwa nini unakopa pesa kwa ajili ya dawa ya bei kubwa wakati kutoitumia ni bure.

Basi mtu wa kipato kidogo anunue nini? Nywele zetu zinahitaji vitu vichache: kuoshwa kwa sabuni isiyo kali, maji, na mafuta juu yake ya kuzuia yale maji yasikauke. Vaselini ya kawaida au glisirini iliyochanganywa na maji inafanya kazi hiyo. Kitana chenye meno mapana. Kitambaa laini cha kufunga usiku. Kwisha.

Kuna mtego mmoja bado. Maskini ananunua kidogo kidogo, na kidogo kidogo ndiyo ghali. Tuchukue mfano: kopo dogo ni faranga 500, na kopo lenye ujazo mara nne ni 1,500. Ukinunua makopo madogo manne umelipa 2,000 kwa mafuta yale yale. Umetozwa 500 kwa sababu ya umaskini wako. Dawa ya hapa tunayo tangu zamani, inaitwa likelemba, na majirani zetu Wanyarwanda wanaiita ikimina. Wasichana wanne wachange, wanunue kopo kubwa, wagawane kwenye vikopo safi. Kikundi chochote cha vijana kinaweza kuanza wiki hii bila kusubiri mradi.

Sasa nawageukia ndugu zangu wa mashirika, kwa heshima lakini bila kuzunguka. Mfanyakazi mmoja aliwahi kuniambia, akimtazama msichana aliyesuka vizuri: "Huyu kweli anahitaji msaada?" Neno hilo silisahau. Mnagawa kipande cha sabuni, asante. Kiwango cha kimataifa kinasema gramu 250 za sabuni ya kuoga kwa mtu mmoja kwa mwezi. Sabuni ile ya mche ni kali kwa nywele zetu, inazikausha mpaka zinakatika, na mafuta hamgawi. Halafu msichana akitafuta mafuta mwenyewe anaonekana tajiri.

Mliamua wenyewe kutoa pesa badala ya mahindi, mkasema mkimbizi anajua haja zake kuliko mtu mwingine. Maneno mazuri. Basi yashikeni mpaka mwisho. Tangu 2021, hapa Rwanda, familia za wakimbizi zinapangwa katika makundi kwa kuangalia udhaifu wao, na kuna wanaopata nusu na wasiopata kitu. Wakati kama huo msichana anaogopa kusuka, asije akaonekana hana shida. Kuficha nywele ili ubaki kwenye orodha, hiyo si akiba. Ni aibu, na haijaandikwa kwenye sheria yoyote.

Tena kumbukeni kusuka ni kazi. Kuna wamama waliovuka mpaka kutoka Goma hawana kitu mkononi isipokuwa vidole vyao, na vidole vile ndivyo vinalisha watoto. Anayesuka anamlipa jirani yake. Pesa ile inanunua unga ule ule mnaotuambia tununue.

Ombi langu ni dogo. Kwenye vifurushi vya usafi wekeni kopo la mafuta na kitana. Kwenye mafunzo ya ususi wekeni somo la kusoma maandishi ya kopo na somo la kulegeza mkono. Na sisi vijana tuache kupima utu wa mtu kwa kopo lililo dirishani pake. Nywele zinaota zenyewe, kwa tajiri na kwa mkimbizi. Kinachotakiwa ni kuziacha ziishi.