Eti Vijana wa Zenji Hawana Ubunifu!

Haya jamani, ya leo yanamhusu kaka mmoja anayejulikana sana mitandaoni, makazi yake Mji Mkongwe, jina linabaki kapuni. Juzi kati katupia status akilalamika kwamba vijana wa Zenji hawana ubunifu. Ati ukiwaletea mchezo wa kutumia akili, wao wanachezea simu tu. Watu wakagonga like kama wote. Sasa na usemwe upande wa pili, maana waliokaa kwenye meza yake nao wana lao.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Hauhitaji skrini. Watu wanakaa meza moja, kila mtu anajifanya mhusika wake: huyu mpiganaji, yule mchawi, yule mwizi. Mmoja ndiye mwendeshaji. Anaeleza mahali walipofika, anawasemea majini na wauza duka, kisha anauliza, "Mnafanya nini?" Jambo likiwa gumu linarushiwa dadu la pande 20. Namba ikitoka kubwa, umefaulu. Utamu wote umo kwenye lile swali.

Kaka huyu swali analiuliza, ila jibu tayari analo mfukoni. Usiku mmoja wachezaji wake wamefika kwenye pango, ndani kuna jini analinda kisima. Bi dada mmoja, mhusika wake mvuvi, kasema hapigani. Anamwekea jini halua na ubani, anakaa chini, anamuuliza kwa adabu anataka nini. Meza nzima ikachangamka. Dadu likarushwa, likatoka 19. Yakhe, 19 kati ya 20! Kaka akafungua kitabu, akasoma, akafunga. "Hapana. Hapo mnapigana."

Basi wakapigana. Bi dada akatoa simu yake akaanza kuperuzi, na wiki iliyofuata hakutokea. Wenzake nao wakapungua mmoja mmoja. Hao ndio "wasio na ubunifu" wanaosemwa kwenye status. Unamfunga mtu mdomo, halafu unamtangaza kwa watu kuwa bubu!

Na dharau hii anaitoa wapi? Katika mji huu huu? Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarab kwa Kiswahili, hakungoja kitabu kutoka ng'ambo ya bahari. Kundi lake lilikutana usiku, likazungumza habari za mtaani, kesi na fitina za siku ile, na humo zikazaliwa nyimbo. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alizichukua nyimbo za Siti akazifanya zake, anageuza maneno na kuongeza yake hapo hapo jukwaani. Vuka Pemba ukaone kibati: watu wanajibizana kwa mashairi ya papo kwa papo, ngoma inakwenda mbio, na anayechelewa kujibu kaumbuka.

Hata hadithi za bibi zina fundisho ambalo kaka huyu limempita. Msimulizi anaita "Paukwa!" na hadithi haianzi mpaka wasikilizaji wajibu "Pakawa!" Wasipojibu, hakuna hadithi. Yaani msikilizaji ana mkono wake mle ndani toka neno la kwanza. Mwendeshaji anayeita paukwa kisha akajiitikia pakawa mwenyewe anajisimulia peke yake, wengine ni fanicha.

Watetezi wake wanasema bila maandalizi mchezo unakuwa vurugu. Kweli kabisa, hilo halina ubishi. Lakini nani kasema kubuni papo kwa papo ni kubahatisha? Bi Kidude alizijua zile nyimbo ndani nje kabla ya kuzigeuza. Wa kibati ana akiba ya maneno kichwani kabla hajasimama. Tatizo la kaka huyu siyo kwamba anajiandaa. Anaandaa kitu kisichofaa. Anaandaa kitakachotokea, wakati kitakachotokea ni mali ya wachezaji. Cha kuandaa ni nani yupo pale na anataka nini.

Chukua jini yule yule. Mwendeshaji akishajua kwamba jini kaibiwa pete yake na anaitaka, basi waje na panga au waje na halua, jibu lipo. Mchezaji akiomba kubwa kupita kiasi, hakuna haja ya kumwambia hapana. Mwambie "sawa, lakini". Sawa, jini kakubali kutoa maji, lakini mmoja wenu anabaki rehani pangoni mpaka pete irudi. Hapo hadithi imepata moto ambao kitabuni haumo. Ukikwama kabisa, muulize mchezaji mwenyewe: mvuvi wako aliwahi kusikia nini kuhusu jini huyu? Atakupa hadithi ya bure. Na dadu likishasema, liheshimiwe. Kama 19 haibadilishi kitu, dadu la nini? La pambo?

Kinachochekesha ni kwamba hata vitabu vya mwanzo vya mchezo huo vilieleza kwamba kanuni zake ni mwongozo tu. Wenye mchezo wao wameruhusu, kaka wa Mji Mkongwe kakataza!

Wapo watakaosema mchezo ni mchezo tu, makelele ya nini. Makelele ni kwa sababu bi dada yule alikuja na kitu chake. Alimjia jini kwa adabu na ubani, akili aliyoikuta nyumbani, na meza ikampenda. Akaambiwa mbele za watu kwamba akili hiyo haimo kitabuni, kwa hiyo haihesabiki. Kijana akiambiwa hivyo mara mbili tatu, kwenye meza, skuli, kazini, anajifunza kunyamaza. Kisha wanatokea wenye status zao kuuliza mbona vijana wako kimya.

Kaka, futa ile status. Mtafute bi dada yule, muombe radhi, mrudishe mezani na 19 yake. Halafu uliza tena, "Mnafanya nini?" Safari hii nyamaza umsikilize.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mwenye haki hapa nani?