SAUTI NAYO NI JASHO



Iko kazi ambayo wengi wetu hapa Kondele hatujaihesabu kuwa kazi. Ni kazi ya mtu asemaye nyuma ya katuni za televisheni. Watoto wetu humsikia kila siku, lakini uso wake hawaujui, na malipo yake hakuna ayaulizaye. Sisi twasema mtu huyu ni mfanyakazi sawa na fundi wa jua kali na mpagazi wa sokoni, na haki yake yafaa idaiwe kwa njia ile ile.

Mtu ataweza kuuliza, chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na katuni? Jibu ni kwamba biashara hiyo imekwisha ingia kwetu. Picha za Tinga Tinga Tales, hadithi za wanyama zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2010, zilitengenezwa Nairobi na vijana wa Kenya, ingawa sauti nyingi za Kiingereza zilitolewa na waigizaji wa Uingereza. Mwaka 2014 Ubongo Kids ilianza katika televisheni ya Tanzania, ikiwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na Doreen Kessy, mmoja wa viongozi wa shirika lake, alitoa sauti za wahusika kadhaa. Mwaka 2021 ikatoka Super Sema, katuni ya msichana wa Kiafrika, kazi ya kampuni ya Nairobi. Humo Lupita Nyong'o, ambaye ukoo wake ni wa huku kwetu Kisumu, alitoa sauti, tena akawa mmoja wa watayarishaji wakuu na mwenye hisa.

Twampongeza. Lakini tutazame vizuri. Mwenye jina kubwa aliingia kwa mlango wa wenye mali. Msichana wa Kondele asiye na jina ataingia kwa mlango wa vibarua. Ataitwa siku moja, atasoma maneno, atalipwa, atakwenda nyumbani. Katuni itaonyeshwa mwaka huu na mwaka ujao, itauzwa katika nchi nyingine, naye hataona hata senti. Fundi akiuza jiko, limeuzwa mara moja. Sauti yaweza kuuzwa mara mia, na aliyeitoa amekwisha kula malipo yake ya siku moja.

Tena kazi hii huumiza. Lupita mwenyewe alieleza kwamba kazi ya kutoa sauti ya roboti katika sinema ya The Wild Robot, iliyotoka mwaka 2024, ilimwumiza koo hata ikambidi anyamaze kwa muda. Mfanyakazi wa kiwandani akikatwa kidole, iko Sheria ya Fidia za Ajali Kazini ya mwaka 2007. Lakini sheria hiyo ni ya mwajiriwa. Anayeitwa kwa siku moja na kuandikwa kuwa mtu wa kujitegemea, koo lake likiharibika atamdai nani?

Sasa tuone wenzetu wa ng'ambo walivyofanya. Nancy Cartwright ni mama wa Marekani ambaye tangu mwaka 1987 ametoa sauti ya Bart, mtoto wa kiume wa miaka kumi katika katuni ya The Simpsons. Mwaka 1998 yeye na wenzake watano wakuu walikuwa wakilipwa dola 30,000 kwa kila kipindi, na kampuni ilikuwa ikivuna mali nyingi kupita kiasi. Walipodai nyongeza, kampuni ilitisha kutafuta sauti nyingine. Wale sita hawakutengana. Wakapata dola 125,000. Mwaka 2004 walidai tena, wakakataa kuhudhuria kazi kwa majuma kadhaa, na wakapata nyongeza. Hatusemi kwamba Kisumu italipa fedha za namna hiyo. Twasema kwamba angalikwenda kila mmoja peke yake, angaliambiwa mlango ule pale.

Na sasa imekuja hatari mpya. Mashine za kompyuta zaweza kuchukua sauti ya mtu na kusema maneno ambayo hakuyasema kamwe. Ndiyo maana mwezi wa Julai 2024 waigizaji wa sauti za michezo ya video huko Marekani waligoma, na mgomo huo haukwisha mpaka mwaka 2025, mapatano yalipopatikana juu ya mashine hizo.

Waajiri wetu husema studio ni ndogo, na katuni za watoto nyingi hutegemea fedha za wafadhili. Neno hilo lina ukweli ndani yake. Basi hatudai wasichonacho. Twadai haya:

1. Mapatano yaandikwe, yakitaja kazi ni ya saa ngapi na katuni itaonyeshwa wapi.

2. Katuni ikiuzwa tena, mwenye sauti apate sehemu yake.

3. Sauti isitiwe katika mashine bila ruhusa ya maandishi na malipo yake mbali.

4. Koo likiumia kazini, matibabu yawe juu ya mwajiri.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mwigizaji haki juu ya kazi yake iliyorekodiwa. Lakini haki hiyo yaweza kupotea kwa saini moja iliyotiwa upesi upesi. Kwa hiyo, ndugu, ukiwa na binti au kijana anayeitwa kwenda kutoa sauti, mwambie asitie saini siku ile ile. Na ailete karatasi kwanza katika ofisi ya tawi, tuisome pamoja.

Umoja ni nguvu.