Sadaka Iliyopotea Njiani

Nilipokwenda Kisii kumtazama jamaa yangu, baridi ya milimani ilinikimbiza hadi soko la Daraja Mbili kutafuta sweta. Kanzu ya mtu wa Mombasa haifai kitu kule. Nikapata sweta moja safi ya sufu, na ndani ya ukosi nikakuta kikaratasi cha bei kingali kimebandikwa. Kilikuwa cha duka la hisani la Uingereza.

Kikaratasi kile kilinitia mawazoni. Maduka ya namna hiyo ni mengi Ulaya. Oxfam, iliyoanzishwa mjini Oxford mwaka 1942, ilianza kuuza vitu vya kupewa katika miaka ya 1940 hiyo hiyo. Watu hutoa nguo bure, wauzaji wengi hawalipwi, na faida huwaendea maskini. Nguo zisizopata mnunuzi huuzwa kwa wafanyabiashara, zikafungwa marobota, zikashushwa Kilindini, zikapanda hadi Kisii na Nyamira. Zifikapo huko, iliyokuwa sadaka imekwisha kuwa biashara.

Simlaumu mama aliyeniuzia. Yeye hununua robota asijue lililomo. Akibahatika hupata nguo nzuri, asipobahatika huambulia matambara. Serikali ilipozuia mitumba kuingia nchini kwa ajili ya korona, tangu Machi hadi Agosti 2020, wengi kama yeye waliumia. Biashara yake ni halali, na ndiyo inayosomesha wanawe.

Langu mimi ni jingine. Kesho yake, njiani kwenda Nyamira, tulipishana na watoto wakirudi makwao saa nne za asubuhi. Huyu karo haijatimia, yule hana sare. Nikajiuliza: katika marobota yote yale, sare ya mtoto huyu itatoka wapi? Ulaya haiko. Imo sandukuni mwa jirani yake, ambaye mwanawe amekwisha kuwa mkubwa.

Kwa hiyo naona shule na wazazi wa huko wangefungua duka lao la hisani. Chumba kimoja kinatosha. Watu walete sare, viatu, mikoba na vitabu visivyotumika. Viuzwe kwa bei ya chini, na faida ilipe karo na chakula cha mchana cha yatima. Mama wa Daraja Mbili hatanyang'anywa riziki, maana bidhaa yake ni nguo za ng'ambo.

Kwetu Pwani jambo hili si geni. Nyumba ya wakfu haiuzwi, bali kodi yake huwasha taa za msikiti na kumlipa mwalimu wa chuo. Duka kama hilo ni ndugu wa wakfu. Lakini twajua pia kwamba wakfu huharibika msimamizi anapoficha hesabu. Basi hesabu za duka na zibandikwe mlangoni kila mwezi, kila mzazi azisome. Na mtoaji asilete tambara ambalo yeye mwenyewe asingelipokea.

Wala tusiwaachie watu wa Kisii na Nyamira peke yao. Mombasa, Malindi na Lamu pia wako watoto wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa sare, na masanduku yetu yamejaa. Kutoa ni moyo, si utajiri.